Mikono ya Prado na Uongo wa Macho

Samahani kwa kimya. Wiki tatu sijaandika chochote kuhusu kompyuta, na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kazi ya programu. La hasha. Nilikuwa chini ya gari.

Nianzie Kyamwilu. Mkitoka Machakos mjini kuelekea Mutituni na Kangundo, kuna mahali ambapo ukiliweka gari nyutro na kuachilia breki, linaonekana kupanda mlima lenyewe. Watu hutoka mbali kuja kushangaa. Ukweli ni kwamba pale ni mteremko. Umbo la vilima vya pembeni ndilo linalodanganya jicho. Jicho si kipimo. Mimi hupeleka wageni pale na kuwaeleza jambo hilo kwa madaha, kumbe mwenyewe sikulielewa.

Gari langu ni Prado 120 kuukuu. Mama anaishi juu kwenye vilima vya Iveti, na mvua ikinyesha njia ya kwake inageuka mitaro. Tumbo la gari lilikuwa likikwaruza mawe kila safari, basi nikaliinua inchi mbili, yaani milimita 50. Springi mpya, shoki mpya. Fundi akanyoosha magurudumu kwa kamba na jicho, akasema, "Bosi, hiyo iko sawa kabisa." Nami nikatazama, nikaona iko sawa.

Wiki iliyofuata nilikuwa nampeleka Mama kliniki Nairobi. Tulipopita makutano ya Kyumbi na kuingia Mombasa Road, usukani ukawa mwepesi kama wa mchezo wa kompyuta. Ukikata haurudi. Karibu na Athi River nikakanyaga breki, gari likavuta kushoto, tukamkosa mtu wa bodaboda kwa kiasi cha mkono mmoja. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, gari lako linakwenda kama mbuzi anayevutwa sokoni." Hakusema lingine mpaka tulipofika. Ule ukimya ulinichoma kuliko matusi.

Kila niliyemwuliza alinipa jibu moja: "Nunua mikono ya juu." Kwa wasiojua, kila gurudumu la mbele la Prado hii limeshikwa na mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini. Kila mkono una bushi za mpira upande wa fremu na boljointi upande wa gurudumu. Mstari unaopita katika boljointi zote mbili huinama nyuma kidogo, na mwinamo huo unaitwa kasta. Kasta ndiyo inayorudisha usukani katikati. Ukiinua gari la namna hii, kasta hupungua. Mikono ya juu ya dukani hutengenezwa na boljointi iliyosogezwa nyuma ili kuirudisha.

Nilikuwa tayari na pesa kwenye M-Pesa, bei ya kompyuta mpakato nzuri. Halafu nikajiuliza: je, programu ingekwama, ningenunua seva mpya kabla ya kusoma logi?

Basi nikapima. Njia ni rahisi, nanyi mnaweza. Egesha gari kwenye sakafu iliyo sawa. Egemeza ubao ulionyooka kwenye rimu, weka simu yenye programu ya pimamaji, usome jinsi gurudumu lilivyolala upande; hiyo ni kemba (Wakamba wenzangu, msicheke). Elekeza gurudumu nje digrii 20, soma. Elekeza ndani digrii 20, soma tena. Tofauti ya namba hizo mbili zidisha kwa 1.5, na hiyo ndiyo kasta. Nilirudia mara tano na kuchukua wastani kwa programu fupi ya Python.

Kulia: 1.9. Kushoto: 0.6.

Kuinua gari peke yake kusingeleta tofauti kubwa hivyo kati ya pande mbili. Nikaingia chini na tochi. Bushi ya nyuma ya mkono wa chini, upande wa kushoto, ilikuwa imechanika. Nilipofunga breki, mkono wote ulirudi nyuma na kasta iliyobaki ikaenda nao. Mikono mipya ya juu ingelificha kosa hilo kwa miezi michache tu.

Nikabadilisha bushi za chini pande zote. Kisha tukazungusha zile bolti za marekebisho za mkono wa chini mpaka mwisho wake. Tukapata 2 na kidogo, pande zote sawa. Bora, lakini bolti zilikuwa zimefika ukutani. Hapo sasa ndipo nilipokuwa na sababu ya kununua mikono ya juu.

Nilikuwa na njia tatu. Ya kwanza, kukata mikono ya zamani na kuichomelea upya jua kali. Nawaheshimu sana wachomeleaji wetu, lakini mkono huu ukikatika gurudumu huenda njia yake. Hapana. Ya pili, mikono ya bomba yenye jointi za mpira wa chuma zilizo wazi. Zinapinda sana, nzuri kwa mashindano, lakini vumbi letu la murram huzila haraka. Ya tatu, mikono yenye boljointi iliyofunikwa na bushi za mpira za kawaida. Haina mbwembwe. Nikachukua hiyo.

Hesabu yake ni ndogo: boljointi mbili zikiwa mbali milimita 300, kusogeza ya juu nyuma milimita 5 hukupa karibu digrii moja. Milimita 5! Ndiyo maana kamba na jicho havitoshi.

Jambo moja la mwisho, kwa herufi kubwa: MSIKAZE BOLTI ZA BUSHI GURUDUMU LIKINING'INIA. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye bomba lake. Ukikaza gari likiwa juu ya jeki, likishuka mpira unabaki umejipinda, na utachanika mapema. Nilikumbuka jinsi springi zangu zilivyofungwa mara ya kwanza, nikaelewa huenda bushi ile ilimaliziwa wapi. Safari hii tuliteremsha gari kwanza, likasimama kwa uzito wake, ndipo tukakaza. Tukahakikisha pia kwamba gurudumu likishuka hadi mwisho, mkono haugusi springi.

Sasa napata 3 na ushei kila upande.

Jumatatu nilimpeleka Mama kliniki tena. Kyumbi aliniangalia mikono. Tulipofika Athi River nikamtazama kwenye kioo: alikuwa amelala.