Kinachopakatwa Nacho Huhitaji Pumzi

Juma hili tunawaalika tutafakari pamoja juu ya chombo ambacho wengi wetu tunacho nyumbani au ofisini, na ambacho hatukifikirii mpaka siku kinapogoma. Kiswahili kimekipa jina zuri: kompyuta mpakato. Kupakata ni kuweka mapajani, kama mzazi ampakatavyo mtoto. Jina hilo limebeba upole ndani yake. Hata hivyo, limebeba pia mtego, kwa maana mashine nyingi za namna hii huvuta hewa ya baridi kwa matundu yaliyo tumboni mwake, na kuitoa ikiwa ya moto kwa ubavuni au kwa nyuma. Ukiipakata juu ya kanga, au ukailaza juu ya godoro, umeyaziba yale matundu. Unaipenda, kumbe unaikaba koo.

Tunalisema hili kwa sababu mwaka huu tulikuwa miongoni mwa watu watatu waliopewa dhamana ya kutunza kumbukumbu za kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kwetu. Wanachama ni 32, karibu wote wakiwa akina mama: wauza mboga, washonaji, mama lishe, na wajane wawili wanaosomesha. Hisa zao, mikopo yao na marejesho yao yote yalikuwa ndani ya kompyuta mpakato moja iliyonunuliwa mwaka 2014. Zilipobaki wiki mbili kufikia siku ya mgawo, mashine ile ilianza kuchukua dakika sita kuwaka. Feni yake ililia kama mashine ya kusaga, sehemu ya chini ikawa haishikiki kwa moto, na katikati ya hesabu ikajizima yenyewe. Ikarudia tena, na tena.

Ndugu msomaji, asiyewahi kukaa katika kikundi cha namna hii anaweza kudhani kwamba jambo hili ni dogo. Si dogo hata kidogo. Mahali ambapo watu huaminiana kwa maandishi, maandishi yakipotea huibuka minong'ono. Mama Mhazini, ambaye kwa miaka tisa hajawahi kukosea hata shilingi mia, hakupata usingizi. Alituambia kwa sauti ya chini, "Fedha zipo benki, hilo silihofii. Ninachohofia ni jina langu."

Tuliipeleka mashine kwenye duka moja la vifaa vya kompyuta. Mhudumu aliiwasha, akaitazama kwa muda usiotosha hata kunywa chai, akasema imezeeka, haifai, tununue nyingine. Bei aliyotutajia ni shilingi 1,350,000. Kikundi hakikuwa na fungu la kununulia vifaa; kilikuwa na mfuko wa jamii tu, ule unaochangiwa kila Jumamosi kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Na wakati huohuo mwanachama mmoja alikuwa amelazwa, akisubiri upasuaji, na jina lake lilikuwa la kwanza katika orodha ya kusaidiwa na mfuko huo. Hapo ndipo swali la mashine lilipogeuka kuwa swali la mtu.

Kabla ya kuamua lolote, tulikubaliana kumwona fundi wa pili, kijana anayefanya kazi zake kwenye kibanda kidogo karibu na stendi. Aliinuka kumpokea Mama Mhazini. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Tumeambiwa huyu mgonjwa wetu ameshakufa." Kijana akaiinua mashine, akaweka kiganja penye tundu la kutolea hewa, akasikiliza. Kisha akasema neno ambalo tumekaa nalo tangu siku hiyo: "Hajafa mama. Anakosa pumzi. Amepunguza mwendo ili asife."

Wapendwa, maneno hayo si mapambo. Ndivyo mashine hizi zilivyoundwa. Kichakataji, yaani ile sehemu ndogo inayofanya hesabu zote, huzalisha joto kila kinapofanya kazi. Juu yake hupita bomba la shaba linalobeba joto hilo hadi kwenye mapezi membamba ya chuma, na feni huyapuliza mapezi hayo. Joto likipanda sana, na kwa vichakataji vingi vya kompyuta mpakato kikomo huwa karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, kichakataji hujipunguzia mwendo chenyewe. Joto lisiposhuka hata baada ya hapo, mashine huzimika ghafla ili isiungue. Hivyo basi, ule uzito tunaouita uvivu au uzee mara nyingi ni kinga. Mashine inajitetea.

Kabla hajagusa skrubu hata moja, yule kijana aliuliza kama tuna nakala ya kumbukumbu zetu. Tulikuwa nayo kwenye flashi, ila ilikuwa ya mwezi uliopita. Basi aliiweka mashine juu ya vipande viwili vya mbao ili tumbo lipate hewa, akaielekezea feni ya mezani, akaiwasha, akanakili mafaili yote kwenye diski ya nje na kwenye flashi ya pili. Utaratibu huo unafaa kushikwa na kila mmoja wetu: kwanza okoa kilichomo, ndipo uokoe chombo. Chombo hununuliwa kingine, lakini miaka tisa ya hesabu za akina mama 32 haiuzwi dukani.

Baada ya hapo kazi ilianza, nasi tulikaa kwenye benchi tukitazama. Tunawaeleza hatua zake kwa sababu zinaweza kumsaidia mwingine.

Kwanza, vumbi. Aliizima mashine, akachomoa chaja, akafungua kifuniko na kutenganisha betri. Kati ya feni na yale mapezi ya chuma palikuwa na tabaka la vumbi na nyuzi za nguo, nene kama kipande cha blanketi. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote, lakini hewa haikuwa na pa kupita. Aliizuia feni isizunguke kwa kijiti chembamba, kisha akapuliza kwa blowa. Alituonya kwamba feni ikiachwa izungushwe ovyo na upepo mkali inaweza kuharibika.

Pili, ule mchanganyiko mzito unaofanana na dawa ya meno, ambao hupakwa kati ya kichakataji na shaba ili joto lipite vizuri. Wa kwetu ulikuwa umekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Aliufuta kwa spiriti na kitambaa laini, akapaka mwingine kiasi cha punje ya mchele, akafunga. Mashine iliyotimiza miaka zaidi ya kumi bila kufanyiwa kazi hiyo haina budi kuchemka.

Tatu, diski. Iliyokuwamo ilikuwa ya aina ya zamani, yenye sahani zinazozunguka ndani na kisomeo kinachokimbia huku na huko kutafuta taarifa. Diski hizo, kwa kawaida, husoma kiasi cha megabaiti 100 kwa sekunde, na hupungua sana pale taarifa zinapokuwa zimetawanyika. Alitushauri tuweke diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, ambayo hata ile ya bei nafuu hufikia megabaiti 500 kwa sekunde. Aliongeza pia kumbukumbu ya RAM kutoka gigabaiti 4 hadi 8, kwa maana RAM ikijaa, mashine hulazimika kuitumia diski kama ghala la muda, na hapo kila kitu hukokota.

Nne, programu. Mashine ilikuwa ikitumia Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulihitimishwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo ina masharti ya vifaa ambayo mashine ya mwaka 2014 haiyatimizi. Wengi hufikia hapo wakadhani safari imekwisha. Kijana wetu aliweka Linux Mint, mfumo usiolipiwa, pamoja na LibreOffice ya kufungulia majedwali ya hesabu. Mama Mhazini aliingiwa na wasiwasi kwa ugeni wa jambo hilo. Tulimkumbusha kwamba programu za ukoo huo si wageni kwetu: mwaka 2004 programu ya OpenOffice, ambayo ndiyo chimbuko la LibreOffice, ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, kwa juhudi za mradi wa Kilinux zilizowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifungua jedwali lake, akahesabu safu moja baada ya nyingine, akalinganisha na daftari. Zilikuwa sawasawa.

Gharama zote, pamoja na ujira wa fundi, zilifika shilingi 165,000, nasi tulichangishana bila kuugusa mfuko wa jamii. Mashine sasa huwaka chini ya nusu dakika. Joto lake likiwa kazini, ambalo kijana alilipima kabla na baada, limeshuka kutoka nyuzi 97 hadi 71. Mgawo ulifanyika siku iliyopangwa, na yule mwanachama aliyelazwa alifanyiwa upasuaji.

Lakini tusidanganyane, wapendwa. Si kila mashine ya zamani hufaa kutengenezwa. Betri ikivimba hadi kuinua kibodi au kifuniko, hiyo si ya kubembelezwa: izime, usiichaji, usiitoboe, mpelekee fundi mara moja, kwa maana betri za lithiamu huweza kushika moto. Diski ya zamani ikianza kugonga ndani kwa mlio wa tik-tik, nakili mafaili yako siku hiyohiyo. Na ubao mkuu ukiungua, gharama ya kuutengeneza huweza kupita thamani ya mashine yenyewe. Zipo pia tiba za mitaani zinazoua: wapo wanaoiingiza mashine ya moto kwenye friji, nayo hutoka na umande ndani yake, na maji na umeme havijawahi kupatana.

Tunachopinga ni ile haraka ya kuhukumu. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kwamba katika mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ndani ya mlima huo hatuwezi kukosa kujiuliza ni mashine ngapi zilizotupwa kwa kosa la vumbi tu.

Na hapa ndipo tafakari yetu inapotugusa sisi wenyewe. Katika nyumba zetu na kazini kwetu wapo watu waliopunguza mwendo. Mzee anayejibu taratibu, mfanyakazi aliyekuwa hodari na sasa anachelewa, mama ambaye siku hizi hukasirika upesi. Wepesi wa ulimi hutuambia: amechoka, amezeeka, aletwe mwingine. Ni wachache wanaoweka kiganja penye tundu la hewa na kuuliza ni nini kimeziba. Pengine anabeba kazi za watu watatu. Pengine amefungiwa mahali pasipo na mtu wa kuzungumza naye. Pengine amepunguza mwendo ili asianguke. Mtu si mashine, wala hatengenezwi kwa bisibisi. Lakini haki ile tuliyoitenda kwa chombo cha plastiki, ya kutafuta sababu kabla ya kutoa hukumu, hatuna udhuru wa kumnyima binadamu.

Basi juma hili tunakuachia kazi ndogo. Igeuze kompyuta mpakato yako ikiwa imezimwa, uyatazame matundu yake. Iondoe juu ya kitanda, uiweke juu ya meza ngumu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kama unatumia Windows, uone ni programu zipi zinazojiwasha bila kuitwa, uzipunguze. Nakili kumbukumbu zako mahali pawili. Na kama ina miaka mitano au zaidi na haijawahi kufunguliwa, mtafute fundi mwenye subira. Utamtambua kwa jambo moja: husikiliza kabla ya kutaja bei.