Daka la Lamu na Biashara ya Nyumbani

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Lamu kwa barabara huondoka alfajiri, akapita Kilifi na Malindi, akavuka Mto Tana huko Garsen, kisha akaingia katika nyika za Witu ambako basi husimama mara kwa mara kwa ukaguzi wa usalama. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300, na mwisho wake ni gati la Mokowe, upande wa bara. Hapo gari hukoma. Abiria huteremka ngazi na kuingia mashuani, na baada ya muda mfupi majini mji hujitokeza: safu ya nyumba nyeupe kando ya bahari, minara ya misikiti, na punda wanaongojea mizigo kama mikokoteni ingojeavyo soko la Kongowea.

Tulifunga safari hiyo mke na mume na watoto wetu wawili, katika likizo ya Agosti, pepo za kusi zikivuma. Tulikuwa na haja mbili. Ya kwanza ilikuwa kutafuta mafundi wa kofia za kushonwa kwa mkono, ili tuziuze pamoja na kanzu tunazoshona nyumbani kwetu Mombasa. Ya pili ilikuwa kupata nafasi ya kufikiri, kwa kuwa ndani ya mkoba wetu mlikuwa na barua iliyotaka jibu kabla ya mwezi kwisha.

Wasomaji wanaotujua kwa kazi ya ukatibu wa kamati ya msikiti huenda hawajui habari hii. Miaka miwili iliyopita tuliacha kazi za kuajiriwa. Mmoja wetu alikuwa karani katika ofisi ya kupitisha mizigo ya bandarini. Mwingine alikuwa mhasibu wa duka la jumla. Hazikuwa kazi za haramu, wala mishahara haikucheleweshwa. Lakini karani alitoka nyumbani watoto wamelala na kurudi wamelala, na ruhusa ya dakika chache kwa ajili ya sala ya Adhuhuri iliombwa kila siku kana kwamba haijapata kuombwa. Binti yetu alipohitimisha Juzuu ya Amma mbele ya mwalimu na majirani, wazazi wake wote wawili walikuwa kazini. Jioni ile tulikaa tukafanya hesabu, tukaswali Istikhara, na baada ya miezi michache tukanunua cherehani mbili. Tulianza kwa kushona sare za madrasa, kisha kanzu za watoto.

Alhamdulillahi, wateja walikuja. Walikuja hata nyumba ikawa haina pa kuwekea mguu. Majora ya vitambaa yalisimama sebuleni, chakula cha usiku kililiwa kando ya cherehani, na hodi ya mteja ilisikika baada ya Isha. Karo ilipatikana, ila haikupatikana kwa tarehe kama ilivyokuwa enzi za mshahara. Ndipo mwajiri wa zamani alipoandika kumtaka karani arudi, kwa malipo makubwa kuliko ya awali. Swali lililotupeleka Lamu lilikuwa hili: ikiwa tuliacha kazi kwa ajili ya nyumba, na sasa kazi imeijaza nyumba, tumebaki na nini?

Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Wenyeji huugawa pande mbili, Mkomani kaskazini na Langoni kusini, na katika vichochoro vya Mkomani ndimo zilimo nyumba nyingi za kale, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Mojawapo ya nyumba hizo imehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa ili wageni waone maisha ya zamani yalivyokuwa, nasi tuliingia humo asubuhi ya siku ya pili.

Msimamizi alitupitisha kwa utaratibu wa nyumba yenyewe. Kwanza ni daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe kulia na kushoto. Hapo bwana wa nyumba aliketi na wageni wake, na mazungumzo ya bei, mizigo na majahazi yaliishia hapo. Baada ya mlango kuna tekani, ukumbi wa ndani uliopindishwa ili apitaye njiani asione kilichomo. Kisha kuna kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, unaoleta hewa na mwanga. Kando yake kuna sabule, chumba cha mgeni, ambamo mfanyabiashara aliyekuja na pepo za msimu aliweza kukaa bila kuvuruga faragha ya wenyeji. Baada ya hapo ndipo zinapoanza misana, ya tini na ya yuu kama Kiamu kisemavyo, na mwisho kabisa ni chumba kiitwacho ndani, chenye zidaka zilizochongwa ukutani kwa chokaa. Kadiri unavyoingia ndivyo mapambo yanavyozidi. Uzuri mwingi wa nyumba umewekwa asikofika mgeni.

Tulisimama kiwandani muda mrefu. Leo tukisikia neno kiwanda tunawaza mashine, king'ora na kadi ya kuingilia kazini. Kumbe kwa watu wa Lamu neno hilo ni sehemu ya nyumba. Biashara ya nyumbani, inayozungumzwa siku hizi kama jambo jipya, ni desturi ambayo wazee wetu waliijengea kuta. Walijua kwamba rizki ikiingia nyumbani huingia na watu, kelele na macho ya watu, wakaiwekea mahali pake mlangoni na kuyazuia mengine yasipite.

Haki inatutaka tuseme pia yale ambayo kuta hizo hazisemi. Starehe ya nyumba zile za matajiri ilibebwa na watumwa waliochota maji, waliosaga nafaka na waliolima mashamba ya bara, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria katika mwambao huu mwaka 1907. Anayezisifu nyumba hizo na asiwasahau. Na sisi wa leo tunaofanya biashara nyumbani tuna la kujiuliza kutokana na historia hiyo: ni mikono ya nani inayofanya kazi bila kuhesabiwa? Mara nyingi ni ya mama wa nyumba, ambaye hushona mchana, hupika jioni, hufungasha mizigo usiku, kisha faida ikaandikwa kwa jina la mumewe.

Jibu la kivitendo tulilipata Langoni, katika nyumba ya kawaida isiyo na zidaka wala boriti za kale. Tulielekezwa huko kwa ajili ya kofia. Bwana wa nyumba alifanya kazi ya stoo katika hoteli moja mbali na Lamu, akija nyumbani siku chache kwa mwezi. Aliacha kazi hiyo watoto wake walipoanza kumwita mgeni. Sasa yeye na mkewe hutengeneza achari ya maembe na ya ndimu asubuhi, na baada ya Alasiri hushona kofia. Kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kwa kuwa kila kitundu huzungushiwa uzi kwa sindano. Ni kazi isiyomtajirisha mtu haraka. Vijana wengi wa huko wameielekeza macho yao Kililana, ambako gati la kwanza la bandari mpya lilianza kazi Mei 2021, wala mwenyeji wetu hakuwalaumu.

Nyumba yake ilikuwa ndogo kuliko yetu, lakini ilipumua. Mitungi ya achari ilikaa katika chumba kimoja karibu na mlango, na hakuna mtungi uliovuka kizingiti cha chumba hicho. Mteja alipokelewa barazani. Adhana ya Magharibi ilipoadhiniwa, mlango wa chumba ulifungwa kwa kufuli, na watoto wakajua kwamba tangu hapo baba na mama ni wao. Mkewe alimwonyesha mwenzetu madaftari mawili: moja la achari, ambayo ni mali ya wote wawili, na jingine la kofia anazoshona mwenyewe, ambalo mapato yake ni yake. "Dada yangu," alimwambia, "tukichanganya pesa, tutagombana kwa jambo ambalo hata hatulijui."

Mama mzee wa nyumba ile, aliyekuwa akitusikiliza huku akisuka ukili, aliongeza neno moja. "Wanangu, mnunuzi ni mtu wa heshima, mkaribisheni. Lakini hana haja ya kujua tunalala wapi."

Tuliporudi tulikofikia usiku ule tulizipitia upya aya tulizozisoma chuoni miaka mingi iliyopita, na safari hii tulizisoma kama watu wenye cherehani sebuleni. Sura An-Nur, katika aya ya 27, inafundisha kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Aya ya 58 ya sura hiyohiyo inataja nyakati tatu za faragha ambazo hata watoto wa nyumba hutakiwa kubisha hodi: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya sala ya Isha. Ikiwa mtoto tuliyemzaa anawekewa nyakati hizo, vipi mteja wa kanzu? Sura An-Nisaa, aya ya 32, inabainisha kwamba wanaume wana fungu katika wanachokichuma na wanawake wana fungu lao. Al-Baqara, aya ya 282, inaamrisha deni liandikwe. Haya yote tuliyajua. Lamu ilituonyesha mahali pa kuyaweka ndani ya nyumba.

Wala kazi ya mkono si unyonge. Imepokewa kwa Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alisema hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokila kwa kazi ya mkono wake, akamtaja Nabii Daud (a.s.). Mama wa Waumini Zaynab bint Jahsh (r.a.) alifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka kwa alichokipata.

Barua ya mwajiri tuliijibu tukiwa bado Lamu. Tulimshukuru kwa kutukumbuka, tukakataa. Haikuwa rahisi, kwa kuwa mshahara ule ungelipa karo ya mwaka mzima bila wasiwasi, na tulijua kwamba huenda mlango huo usifunguliwe tena. Tumekubali kuishi kwa kipato kisicho na tarehe. Tuliporejea Mombasa tulitoa vitambaa vyote sebuleni na kuviweka katika chumba cha mbele, ambacho kilikuwa cha wageni. Mgeni akija kulala, tutamtandikia sebuleni, naye atatuwia radhi. Saa za wateja zimeandikwa mlangoni, na baada ya Magharibi hatufungui. Laini ya simu ya biashara ni mbali na ya nyumba. Kila mmoja wetu ana fungu lake lililoandikwa, na kila tunapopokea malipo tunatenga kidogo kwa ajili ya karo, ili muhula usitukute mikono mitupu. Katika wiki za mwanzo wateja wawili walikasirika na kwenda kwa fundi mwingine. Hao ndio gharama ya kula chakula cha usiku pamoja.

Hatuandiki haya ili kila msomaji arudi ofisini kesho na barua ya kuacha kazi. Mwenye deni kubwa na alilipe kwanza. Mwenye wazazi wanaotegemea matibabu kwa mshahara wake ana wajibu ulio mbele ya matamanio yake. Na yapo maajira mengi yanayompa mtu heshima, muda na halali. Mwenye nayo na amshukuru Mola wake. Kwa anayenuia kutoka, tunamnasihi ajaribu biashara yake akiwa bado kazini, ajiwekee akiba ya miezi kadhaa, achukue kibali cha kaunti, na kabla ya kununua chombo chochote akae na mkewe, au mumewe, wakubaliane mambo matatu: kazi itakaa chumba gani, itafungwa saa ngapi, na faida ni ya nani.

Katika kamati ya msikiti hutujia wanandoa wanaotaka kusuluhishwa, na si wachache ambao ugomvi wao ulianzia katika biashara waliyoianza kwa mapenzi. Laiti wangekuwa na daka, hata kama ni mkeka mmoja mlangoni, huenda wasingetufikia.

Tunamwomba Allah atupe rizki ya halali yenye baraka, na aifanye majumba yetu kuwa mahali pa utulivu kwa waliomo. Wabillahi tawfiq.