Kasri Kali, Ila Bibi Je?

Kuna kapo moja ya mjini Dar, majina kapuni, imepania kufunga ndoa kwenye kasri la kale, bonde la Loire, Ufaransa. Picha ni hatari: mizabibu, kuta za mawe, mto.

Ila wadau, kule ndoa inayotambulika kisheria hufungwa ofisi ya meya, na lazima mmoja wao au mzazi wake awe na makazi eneo hilo. Kwa hiyo kasrini ni sherehe tu, cheti ni bomani hapahapa.

Hilo dogo. Bibi aliyemlea bwana harusi hana hata pasipoti, na viza ya Schengen inataka bima na salio la benki. Kasema tu, "Mtanionyesha kwenye simu." Tangu hapo mjukuu kanywea.

Ungekuwa wewe, kasri au bibi?