Milioni Moja na Nusu Mkononi

Tukifundishwa kodi ya ajira darasani, kila kitu huanza na jedwali. Mwalimu anaandika ubaoni: hadi shilingi 270,000 kwa mwezi hakuna kodi, kutoka hapo hadi 520,000 asilimia 8, kisha 20, kisha 25, mpaka unafika milioni moja ambako kinachozidi kinakatwa asilimia 30. Mtihani unakupa mshahara, wewe unatoa kodi, unapata alama zako, maisha yanaendelea. Sijawahi kukutana na swali la mtihani linalosema: mshahara umeshalipwa na umeshaliwa, kodi haikukatwa, na mwenye mshahara amekaa mbele yako anakutazama usoni.

Swali hilo nilikutana nalo Singida mjini, nilipokwenda fildi kati ya Julai na Septemba 2023. Nilipangiwa kwa mama mmoja mhasibu mwenye ofisi ya vyumba viwili. Wateja wake ni watu wa alizeti, vitunguu, kuku na vifaa vya ujenzi. Mnaoijua Singida mnaujua upepo wake. Dirisha likiwa wazi, kila karatasi lazima iwekewe kitu kizito juu, na sisi tulikuwa tunatumia nati kubwa za mashine ya kukamulia alizeti, zawadi ya mteja mmoja. Mteja huyo ndiye mwenye habari hii. Kiwanda chake sikitaji, na viwanda vya aina yake viko vingi kiasi kwamba ukikisia utakosea.

Alikuwa anaomba mkopo benki anunue mbegu kabla bei haijapanda. Benki ikataka hesabu na uthibitisho kuwa hadaiwi kodi. Mama akanipa mafaili ya miezi saba nipange vocha. Kwenye fungu la matengenezo ya mitambo nikaona 1,500,000 mwishoni mwa Januari, tena mwishoni mwa Februari, na hivyo hivyo mpaka Julai, jina la mpokeaji lile lile. Mashine gani hiyo inaharibika kila mwisho wa mwezi kwa bei ile ile? Nikampelekea Mama. Akavua miwani, akasema, "Huyu ni mtu, mwanangu, si matengenezo."

Mtu mwenyewe alikuwa fundi wa mitambo kutoka Kenya, upande wa Nakuru, ambaye pale kiwandani alikuwa hana jina lingine ila Fundi. Wala hakuwa amejificha. Alikuwa na kibali cha kazi chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, na kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji, vyote vimelipiwa na bosi. Hilo ndilo lililonishangaza. Idara ya Kazi inamjua, Uhamiaji inamjua, TRA peke yao ndio hawana habari. Bosi alipoitwa ofisini alisema yeye alidhani mgeni analipa kodi kwao. Fundi naye, alipoitwa, alisema, "Kwani mimi ni mgeni? Mimi ni jirani. Si tuko kwa Jumuiya moja?"

Wote wawili walikuwa wamepotea njia. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, lakini haikufuta kodi ya mtu yeyote. Na Sheria ya Kodi ya Mapato, katika suala la ukazi, haikuulizi pasipoti yako ina rangi gani. Inahesabu siku. Ukiwa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka wa mapato, hata kama hazikufuatana, wewe ni mkazi wa mwaka huo, na jedwali lile la ubaoni linakuhusu kama linavyomhusu mwalimu wa Kiomboi. Usipofika huko, na huna makazi ya kudumu hapa wala historia ya miaka iliyotangulia, wewe si mkazi, na mwajiri wako wa hapa anakukata asilimia 15 ya pato lote, bila kiwango cha chini kinachosamehewa.

Basi tukahesabu siku. Fundi alitoa pasipoti yake, Mama akaleta kalenda ya ukutani, mimi nikashika kalamu. Aliingia kwa Namanga tarehe 9 Januari. Akarudi kwao Pasaka, tukatoa siku 9. Siku ya 183 ikaangukia tarehe 19 Julai, wiki mbili tu kabla ya kikao chetu. Bosi akagonga meza: "Kumbe ningemruhusu akapumzike mwezi mmoja!" Tukacheka, lakini hesabu yake haikuwa ya kipuuzi. Kwa mshahara wa 1,500,000, asiye mkazi anakatwa 225,000. Mkazi anakatwa 128,000 za madaraja ya chini, jumlisha asilimia 30 ya laki tano, jumla 278,000. Tofauti ni 53,000 kila mwezi.

Hapa niruhusuni nitoke pembeni kidogo, maana jambo hili hatukuambiwa darasani na nadhani lilistahili. Nilikaa jioni nikatafuta mshahara ambao kodi ya mkazi na ya asiye mkazi zinalingana. Ni kama 1,147,000 kwa mwezi. Juu ya hapo, asiye mkazi ana nafuu. Chini ya hapo anaumia, na kadiri unavyoshuka ndivyo anavyozidi kuumia. Chukua mpishi aliyetoka nchi jirani, mshahara 300,000, amekaa miezi minne. Mkazi wa mshahara huo anakatwa 2,400. Yeye anatakiwa akatwe 45,000. Sijui aliyepanga asilimia ile alikuwa anamfikiria nani, ila nina uhakika hakuwa anamfikiria mpishi.

Tuendelee. Bosi alipoona 278,000 mara miezi saba ni 1,946,000, akatoa uamuzi papo hapo: mshahara wa Agosti hautatoka, na kilichobaki kitamaliziwa Septemba. Kwake ilikuwa haki tupu. Kodi ni ya Fundi, fedha alikula Fundi, basi arudishe. Fundi hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mwisho wa Agosti shule zinafungua kwao kwa muhula wa tatu na ana watoto wawili sekondari. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma namba ya mita.

Mimi nilikuwa nimeshafungua sheria. Kifungu cha 84 kinasema mwajiri aliyeshindwa kukata kodi bado anatakiwa kuilipa, kana kwamba aliikata, na kwa muda ule ule, yaani ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Kwa hiyo mbele ya TRA, deni la Januari lilikuwa la bosi tangu Februari. Lakini kifungu hicho hicho kinaendelea: mwajiri akishalipa kodi hiyo kutoka mfukoni, ana haki ya kumdai mfanyakazi kiasi hicho hicho. Bosi alipenda sana mstari huo. Alinitaka niusome mara mbili.

Mama akamjibu kwa mambo mawili. Kwanza, haki ya kudai inakuja baada ya kulipa, naye alikuwa hajalipa hata senti. Pili, kuwa na haki ya kudai si sawa na kuingiza mkono kwenye mshahara wa mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu makato ila yale yanayoruhusiwa na sheria au yale ambayo mfanyakazi ameyaridhia kwa maandishi. Wakili mzuri anaweza kubishana pande zote mbili za hapo, na Mama alikiri hivyo. Akasema anayetaka kubishana aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yeye ana ritani saba za kujaza.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa kwenye simu. Mkataba wa maandishi wa mshahara haukuwepo kwenye faili letu. Kilichokuwepo ni ujumbe wa WhatsApp wa Desemba, bosi akimwandikia Fundi: nitakupa moja na nusu mkononi kila mwezi, vibali juu yangu. Neno lenyewe ni hilo moja, mkononi. Fundi akasema, "Nikiambiwa mkononi, ni ile inabaki kwa mkono baada ya yote." Bosi akasema hapana, mkononi maana yake taslimu, si kupitia benki. Na kweli alikuwa anamlipa taslimu! Nimesoma Kiswahili tangu chekechea na sikuweza kusema kwa kiapo nani kati yao amekosea. Ila vibali vikiwa "juu yangu", mtu wa kawaida ataelewa kwamba gharama za serikali amezibeba mwajiri. Ndivyo nilivyoelewa mimi, na Mama pia.

Sasa angalieni neno moja linavyofanya kazi kwenye hesabu. Kama 1,500,000 ndiyo iliyobaki baada ya kodi, basi mshahara kabla ya makato haukuwa 1,500,000. Mwajiri anayekulipia kodi amekuongezea pato, na nyongeza hiyo nayo ina kodi. Inabidi urudi nyuma: utafute mshahara ambao ukishakatwa unabaki milioni moja na nusu. Nilipata 1,897,143, kodi yake 397,143. Kwa miezi saba inakaribia 2,780,000. Neno "mkononi" lilikuwa na thamani ya zaidi ya laki nane juu ya zile alizozikataa bosi mwanzoni, bila kuhesabu riba wala adhabu za kuchelewesha ritani chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015. Bosi aliposikia akanyanyuka, akatoka nje, akakaa kwenye gari karibu nusu saa.

Ningependa kuwaambia kwamba alirudi kwa sababu ya kifungu cha 84. Sidhani. Ilikuwa Agosti, alizeti kutoka Iramba na Mkalama imejaa hadi kwenye varanda ya ghala, na mtu pekee aliyeweza kuifanya ile mashine isiache mafuta kwenye mashudu alikuwa Fundi. Fundi hakugoma wala hakutishia. Alisema tu kwamba kama Agosti hakuna mshahara, itabidi aende nyumbani akaongee na shule uso kwa uso. Kila mtu kwenye chumba kile alielewa. Angekuwa yule mpishi wangu wa 300,000, nadhani sheria zote tulizokuwa nazo mezani zisingemsaidia kufika mwisho wa mwezi.

Walikubaliana hivi. Kodi ya miezi saba iliyopita ikawa ya bosi, kwa hesabu ya 397,143, pamoja na riba. Kuanzia Agosti ukaandikwa mkataba: 1,800,000 kabla ya makato. Hapo NSSF, ambayo nayo ilikuwa haijawahi kulipwa, inachukua asilimia 10 kwa mfanyakazi na 10 kwa mwajiri. Fundi anatoa 180,000, kodi ya kinachobaki ni 314,000, anaondoka na 1,306,000. Amepungukiwa 194,000 kwa mwezi. Hakufurahi. Alichotaka zaidi ni karatasi inayoonyesha kodi iliyolipwa kwa jina lake, ili akiulizwa kwao awe na cha kuonyesha, maana Kenya haimo kwenye nchi 9 ambazo Tanzania ina mikataba nazo ya kuepuka kutoza kodi mara mbili, na mkataba wa Jumuiya uliosainiwa 2010 ulikuwa bado haujaanza kufanya kazi. Wenzangu mnaoota kazi Nairobi au Muscat, karatasi hiyo muiulize mapema.

Tukamchukulia TIN, tukajaza ritani moja baada ya nyingine, na Mama akaandika barua ya kuomba kupunguziwa riba na adhabu kwa kuwa mteja amejitokeza mwenyewe. Nilipoondoka Septemba jibu lilikuwa halijaja. Mkopo wa benki ulichelewa, mbegu zikapanda bei, na bosi alilisema hilo kila alipopita ofisini.

Wiki yangu ya mwisho Mama alinitoa kwenye kila kazi nyingine, akanikabidhi mafaili ya wateja wote na kuniambia nifungue fungu la matengenezo tu. Nilipata malipo ya namna ile kwa wateja wawili. Mmoja ilikuwa mashine kweli.