Barua ya Wakili ni Amana





Katika madrasa zetu hapa Rusizi, kila tufikapo mlango wa wakala katika fiqhi, vijana hutuuliza swali lile lile. Inakuwaje mtu akubali kuwa wakili wa anayetuhumiwa kuua? Na kwa nini aruhusiwe kuongea naye kwa siri gerezani? Kwetu swali hili si dogo. Zipo familia zenye jamaa gerezani, na zipo zilizoumizwa na walioko gerezani. Mara nyingine husali safu moja.

Tuanze na jina lenyewe. Wakili ni mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake. Halazimiki kuyapenda aliyoyatenda. Kazi yake ni kuhakikisha hakimu hahukumu kwa kusikia upande mmoja. Ili aiweze kazi hiyo, mtuhumiwa amweleze yote, yanayomfaa na yanayomdhuru. Nani atathubutu kusema yote akijua askari magereza atasoma barua yake?

Ndiyo maana Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mazungumzo ya mfungwa na wakili wake yasizuiwe wala kuchunguzwa. Askari anaweza kuwaona wakiongea, lakini asiwasikie. Katiba ya Rwanda nayo inalinda siri ya barua, isipokuwa pale sheria inaporuhusu, na inalinda haki ya kutetewa.

Sasa tutazame yaliyotokea kwetu. Mwaka 2021 kesi ya Paul Rusesabagina ilisikilizwa Kigali kuhusu mashambulizi ya kundi la FLN ya 2018 na 2019. Watu 9 walikufa, na wilaya yetu ya Rusizi ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Mawakili wake walilalamika kwamba nyaraka za kesi zilichukuliwa gerezani. Februari 2021 Al Jazeera ilionyesha video ya Waziri wa Sheria, Johnston Busingye, akijiandaa kwa mahojiano na kuzungumzia mawasiliano ya mshitakiwa na mawakili wake yaliyonaswa. Wizara ilisema baadaye kwamba haiungi mkono kuvunjwa kwa siri hiyo. Machi 12 mshitakiwa aliacha kuhudhuria kesi, akisema hatarajii haki. Septemba 20 alihukumiwa miaka 25, na Machi 2023 aliachiwa baada ya adhabu yake kupunguzwa.

Tazameni hasara yake. Hukumu ilipotoka, walimwengu wengi walizungumzia bahasha zilizofunguliwa kuliko waliouawa. Siri ya wakili ilipotiliwa shaka, waliofiwa nao walipunjwa, kwani hukumu waliyoingojea ilibaki na doa.

Lakini amana hii ina pande mbili. Mwaka huo huo wa 2021, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoko Arusha ilimtia hatiani Augustin Ngirabatware, waziri wa zamani aliyekwisha hukumiwa kwa mauaji ya kimbari. Akiwa kizuizini, yeye na wenzake walifanya njama ya kuwashawishi mashahidi wabadili ushahidi wao, na fedha zikatumika. Alihukumiwa miaka 2. Mtu aliyewahi kuwa mpelelezi wa upande wake wa utetezi alishitakiwa pia, akaachiwa huru. Basi tusimdhanie vibaya kila anayemhudumia mtuhumiwa, wala tusisahau kwamba njia ya mawasiliano inaweza kugeuzwa silaha.

Kwa hiyo tunawausia wenye jamaa gerezani mambo matatu:

1. Barua ya familia si sawa na ya wakili. Uongozi wa gereza unaweza kuikagua, basi andikeni mkijua hivyo. Salamu, habari za watoto na dua hazina cha kuficha.

2. Msimpe wakili simu, fedha wala ujumbe wa kumpelekea shahidi. Akikataa, hajawasaliti, ameilinda amana yake na kesi yenu.

3. Nyaraka za kesi zikichukuliwa, mwambieni wakili mapema alifikishe mbele ya hakimu. Msigombane na askari mlangoni.

Na wewe uliyedhulumiwa, ndugu yetu, usichukie kuona aliyekuumiza ana wakili na bahasha iliyofungwa. Hukumu itakayotoka hapo ndiyo hakuna atakayeweza kukunyang'anya.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa watunza amana. Wabillahi tawfiq.