Alama Mbili za Kuuliza

Mimi hucheza sataranji, na mchezo ukiisha huipa kompyuta iuchambue. Programu kama Stockfish hupima faida ya kila upande kwa thamani ya askari, ile kete ndogo kuliko zote. Kisha hatua uliyocheza hulinganishwa na iliyo bora. Ukipoteza faida unawekewa alama ya kuuliza. Ukipoteza nyingi, mbili. Kompyuta haiulizi kwa nini ulicheza hivyo. Inachojua ni kushinda tu.

Mwaka 2019 niliacha kazi mjini nikarudi nyumbani kumuuguza mama. Ndugu walihesabu mshahara, cheo na miaka, wakaniwekea alama mbili. Hesabu yao ilikuwa sahihi. Mshahara ule haujarudi hadi leo, na mama tulimzika baada ya miezi 14.

Lakini wapendwa, hesabu huwa sahihi kwa kile tu kinachohesabiwa. Bwana ametuambia mapema atakachouliza siku ile: wenye njaa tuliowalisha, wagonjwa tuliowatazama. Mshahara haumo. Basi kabla hujaweka alama kwenye maisha ya mwenzako, jiulize kwanza unapima nini.