Kanuni na Daftari la Ami

Sisi tuliokulia Maskati katika miaka ya 1980 tulilelewa na muziki wa kanda. Wazee wetu waliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na Oman ilipofungua milango yake baada ya 1970 wakaja kuanza maisha upya, Kiswahili chao kikiwa kinywani. Taarabu ilitufuata ndani ya mikoba ya wasafiri. Kanda ilirikodiwa harusini, ikanakiliwa kwa jirani, ikanakiliwa tena, mpaka sauti ya mwimbaji ikawa kama inatoka nyuma ya ukuta. Humo mlisikika viti vikiburuzwa, vigelegele, mtoto akilia, na mara nyingine fidla moja iliyochelewa kuingia. Hakuna aliyesimamisha wimbo kwa ajili yake. Fidla ile ilitafuta njia yake, na kufika kiitikio ilikuwa pamoja na wenzake.

Baadaye nilipata kumtazama mpiga kanuni kwa karibu. Makofi na tunza humwendea mwimbaji, lakini kwangu mimi huyu ndiye kiongozi hasa. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, aghalabu tatu tatu kwa kila sauti, na hewa ya pwani haiziachi zitulie. Kabla ya bashraf mpigaji huinama juu yake muda mrefu, ufunguo mkononi, akikaza uzi huu na kulegeza ule, na wala hapana anayemharakisha. Hapo ukali wake ni halali. Bashraf ikishaanza, wakati wa ukali umepita. Uzi ukilegea katikati ya wimbo ataukwepa, na wenzake watambeba. Fidla, udi na nai hupita njia moja ya sauti, ila kila chombo huipamba kwa namna yake. Vikilazimishwa kufanana kabisa, taarabu itakauka.

Sidharau ukamilifu. Umm Kulthum, ambaye redio ya Cairo ilimfikisha mpaka barazani kwetu, alijulikana kwa mazoezi makali. Hata hivyo alipokuwa jukwaani alirudia mstari mmoja mara nyingi, na kila mara kwa namna nyingine. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi, upande mmoja wa santuri ulichukua dakika tatu na ushei tu, na wimbo ulipaswa kuenea humo. Aliimba kwa kadiri ya nafasi aliyopewa. Angalingojea chombo cha kubeba kila beti, tungalibaki na sifa zake bila ya sauti yake.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alianza daftari la nasaba yetu katika miaka ile ile ya kanda. Aliandika kwa wino alichokithibitisha na kwa penseli alichokisikia, akaapa kwamba daftari halitatoka nyumbani kwake mpaka penseli yote igeuke wino. Kila jina lilihitaji mashahidi wawili. Ni sharti la mtu mwaminifu. Lakini mashahidi walikuwa wazee wa Unguja, Wete na Maskati, nao hawakuweza kungoja. Muda aliotumia kuhakikisha jina moja, wawili watatu waliokuwa na majibu ya majina mengine walizikwa. Alipofariki, penseli ilikuwa nyingi kuliko wino.

Sasa daftari liko kwangu, na kikao cha ukoo kimenikabidhi uenyekiti. Vijana wanataka nakala. Babu mmoja, binamu wa marehemu babu yangu, anakataa. Kwake ni aibu kutoa kitu chenye mapengo. Nimeyasoma mapengo hayo kwa utulivu. Machache yako upande wa kina baba. Mengi ni ya kina mama, na baadhi yao, kwa jinsi penseli inavyodokeza, walikuwa masuria: jina moja tu, bila ya "binti fulani" kulifuata. Naona hapa ukamilifu umetumwa kazi nyingine. Daftari likingoja kukamilika, wanawake hawa watangoja milele, maana waliowachukua wakiwa watoto hawakushughulika kuandika majina ya baba zao. Na Siti huyu tunayejivunia santuri zake alizaliwa Fumba katika nyumba ya watu wanyonge, akaanza maisha kwa kutembeza vyungu.

"Babu," nilimwambia, "waliompa ami majina haya nao walikuwa na wasiwasi wao, lakini waliyasema."

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza nitaandika nini mbele ya majina hayo.

Nikamjibu kwamba nitaandika jina, kisha "mama wa", kisha watoto wake. Na aliposema ami kuwa ni suria, patabaki vile vile alivyoandika.

Bado hajaridhika, nami sitarajii aridhike upesi. Nimemwomba asome dua siku ya kugawa nakala. Hajakataa.

Nakala zitatoka baada ya Idi, wino kama wino na penseli kama penseli. Katika ukurasa wa 14 pana mama mmoja, mzazi wa watoto wanne, ambaye hata jina lake halimo. Ami aliacha mstari mtupu, nami nimeuacha. Ikiwa bibi yako aliwahi kumtaja, hata kwa jina la utani, niandikie.